Mashine ya Kuzuilia Mlango

Kionga, Alhamisi usiku

Na wakanisikiliza! Hapo ndipo penye aibu.

Niliandika kwenye jukwaa letu la mtandaoni kwamba sasisho la blokcheni yetu, daftari linalotunzwa na kompyuta za wanachama wote, litaziacha nje kompyuta dhaifu kama yangu. Leo kikaoni watengenezaji wake wakayasoma maneno yangu, wakaliahirisha sasisho. Danieli, mmoja wao, aliyelihangaikia mwaka mzima, akaniambia, "Asante, kaka. Nitalipunguza uzito, kisha utalijaribu kwenye mashine yako."

Nikamsimulia mke wangu kwa majivuno. Akacheka. "Mashine gani, baba Saidi? Ile ninayozuilia mlango?"

Hiyo hiyo. Tangu Ramadhani haijawashwa.

Nimeipangusa vumbi, nikabonyeza kitufe. Kimya. Sasa mlango unapigapiga, na Danieli huko aliko anaivunja kazi yake kwa ajili yangu.

Nimeanza kumwandikia ukweli: "Kaka..." Nimeishia hapo.