Shefu na Diksionere Yetu

Kalemie, siku ya ine, mangaribi

Eti vitabu vyote viko ndani ya telefone! Shefu wetu wa biro aliingia asubui katika biblioteki na kusema vile, bila kusalimia hata wanafunzi. "Mama Odette, juma ijayo tunafunga hapa." Huyu muntu sijamuona hata siku moja akifungua kitabu.

Kisha saa moja kupita, akarudi. Umeme unaotoka bwawa la Bendera umekatika tangu jana, telefone yake imezima. Alikuwa anaandika barua ya kutufunga, Kifaransa kikamushinda. Alitaka diksionere, kitabu cha maana ya maneno.

Nilitaka kumufukuza. Lakini nikafungua daftari ya kuazima, nikamuambia atie sahihi kama mutoto yeyote wa masomo. Akanuna.

"Nirudishe siku gani, Mama?"

"Kisha siku kumi na ine, Papa."

"Ni kidogo. Niandikie mwezi mzima."

Nikaandika. Akatia sahihi bila kusoma.

Naogopa, sitaficha. Wanafunzi wasio na telefone watasomea wapi? Lakini kesho nitamupelekea ile daftari: kwa mukono wake mwenyewe ametia sahihi kwamba mwezi mzima tutakuwa hapa, tunamungojea.