Siku Niliyookolewa na Mume Wangu

...lakini Mama, kabla hujanisihi tena nimwombe Muriuki aache kazi ya uokoaji, sikia ya leo. Kikosi chake kilikuwa na mazoezi kwenye jabali moja nje ya Nyeri, nami nikajitolea kuwa majeruhi. Walinifunga kwenye machela kama mtoto wa mgongoni. Kwao, anayefunga fundo hukaguliwa na mwenzake mmoja. Muriuki wangu akawaita watatu.

“Ungekagua hivi siku ya harusi, hadi leo tungekuwa kanisani,” kiongozi wao akamtania.

“Huyu ni bibi yangu. Angalia tena.”

Nilicheka hadi nikakemewa: “Majeruhi, nyamaza, umevunjika miguu.”

Wakaniteremsha, Muriuki akining'inia kando yangu kwa kamba yake. Mlima Kenya ulikuwa wazi kabisa, jua likiwaka kileleni, na mimi nilimtazama yeye tu. Tulipovutwa juu alininywesha chai, akinikagua miguu kana kwamba kweli ilikuwa imevunjika.

Mama, mwenye hofu kama hiyo hachezi na maisha ya mtu, hata yake. Sitamwomba aache. Tutakuja kwako Kagio kabla mwezi huu haujaisha, umwambie mwenyewe kwamba umeridhika.

Wanjiru wako anayekupenda