Giga Nane, na Mbuzi wa Jumamosi

Butembo, Jumanne

Baba,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, na goti la Mama limetulia. Mimi ni mzima. Mvua inanyesha kila alasiri, na baridi ya huku unaijua. Sikupiga simu kwa sababu unapoongea nami unaweka sauti juu, na majirani wote wa Oicha wananisikia. Haya ni yako peke yako. Mama shemasi anayesafiri kesho atakupa mkononi.

Kwanza machine, kompyuta yangu. Ile uliyoninunulia baada ya mavuno ya kakao bado inawaka, ila imechoka. Nikifungua ramani ya mashamba pamoja na maandishi ya kazi yangu ya mwisho wa masomo, ile juu ya kuoza kwa maganda ya kakao, inaganda. Nabonyeza herufi, nahesabu mpaka arobaini, ndipo inatokea. Profesa anataka kazi mwisho wa mwezi ujao. Kwa mwendo huo sitafika.

Nilimpelekea fundi karibu na soko. Aliifungua akanionyesha barrette mbili, vile vipande vyembamba vya kumbukumbu, kila kimoja giga mbili.

"Ma sœur, hizi zote tunatosha inje, tunaweka seize, kumi na sita. Itakimbia sawa gari ya gouverneur."

"Na processeur? Na disque? Navyo vitakimbia?"

Alicheka. "Aa, ile hapana. Ile itabakia muzee."

Nilirudi nayo nyumbani bila kumjibu. Kwa siku tatu niliandika kwenye daftari kiasi ambacho kazi yangu inadai, maana machine huonyesha kumbukumbu inayodaiwa hata ikizidi ile iliyo nayo. Ramani, maandishi, kurasa mbili za internet: haikupita giga sita hata mara moja.

Siku ya tatu nilipotoka masomoni nikakuta karto, boksi kubwa, mezani hapa kwa Shangazi. Ilitoka kwa Mumbere, yule muuza pièces, vipuri vya pikipiki, niliyekuambia habari zake wakati wa Noeli. Ndani kulikuwa na machine mpya. Sikuifungua.

"Masika, mutu anakuletea ya mupya, na weye uko unahesabia ile muzee giga!"

"Shangazi, ulimwambia nini aliyeileta?"

"Nilisema nini? Nilisema wasingya, aksanti! Mutu analeta kitu, utamufungia mulango?"

Baba, dada yako hana ubaya. Alishukuru kama mtu anayeshukuru kwa kikapu cha viazi. Lakini kwetu unajua: kitu cha mwanaume kikipokelewa na shangazi wa msichana, hicho ni jibu. Kesho yake nikasikia kwamba baba wadogo wa Mumbere wameshatafuta mbuzi wa kwanza wa mahari, na Jumamosi watakuja kwako. Mimi nilikuwa bado nachagua kati ya giga nane na kumi na sita.

Nilimwambia Shangazi kwamba aliyepokea ndiye arudishe. Alinung'unika njia nzima, karto kichwani, mimi nyuma yake. Mumbere alikuwa dukani, mikono ina mafuta.

"Ni mbaya?" aliuliza.

"Ni nzuri. Mais sikukujibu bado."

Aliitazama karto. Kisha akauliza: "Ile yako, uliiweka ngapi?"

"Nitaweka nane."

"Hii iko na seize."

"Najua."

Alipangusa mikono, akaisukuma karto chini ya meza. "Na ile kazi yako, iko juu ya nini?"

Tunafahamiana mwaka mzima, na hakuwahi kuniuliza. Nilimweleza habari za maganda, na alisikiliza mpaka mwisho. Nakuandikia hili kwa sababu lilitokea. Usilipe uzito zaidi ya huo.

Fundi ameweka nne na nne. Ramani inafunguka. Kumi na sita ningezitaka kama ningejua kwamba nitakaa na machine hii miaka mingi. Sijui. Ninachokijua ni kazi iliyo mbele yangu, na hiyo nimeipima.

Sasa ombi langu. Mumbere ameahidi kuwaambia wakubwa wake wasubiri, lakini wakubwa hawarudi nyuma kwa neno la kijana, unawajua. Wakifika Jumamosi wape viti, wape chai, ombeni pamoja. Kamba ya mbuzi usiishike. Hata wakiiweka karibu na mkono wako, hata Mama akikukonyeza. Waambie binti anamaliza masomo. Nikishatetea kazi yangu, barabara ikiruhusu, nitakuja mwenyewe kukuambia ndiyo au hapana. Leo sijui, na sitaki mtu mwingine alijue jibu kabla yangu.

Msalimie Mama, na Bibi ambaye atauliza kama ninakula. Ninakula. Kambale, mdogo wangu, asikate maganda yenye ugonjwa na kuyaacha chini ya miti, ayafukie mbali. Shangazi anawasalimu, ingawa leo haongei nami.

Mungu awalinde katika njia za shamba.

Mtoto wako wa kwanza,
Masika