Duka Lenye Jina Langu

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
16 Februari, 2025.

Mpendwa Shangazi Kuruthumu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nimesikia umekataa fimbo, eti fimbo ni za wazee. Haya, sisi hatumo. Huku tu wazima, joto tu ndilo linalotuchemsha. Korosho zilifika, na mdogo wako Bakili amezimaliza karibu zote peke yake.

Shangazi, nimepata nafasi chuoni ya kusomea ufundi wa friji na viyoyozi. Nafasi ninayo, ada sina. Ila kuna ufadhili wa kuwalipia ada vijana wasio na kazi wala biashara. Nikasema huo ni wangu kabisa, maana hapa kwa Baba Mdogo Bakili nauza masufuria kwa chakula na malazi, mshahara siujui hata una rangi gani.

Jumatatu nikaenda ofisini kwao, Posta. Dada wa dirishani akaingiza namba yangu ya kitambulisho, akanitazama.

"Wewe mbona ni mfanyabiashara, mdogo wangu? Una leseni."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kumbe ni kweli. Baba Mdogo alipofungiwa lile duka la kwanza kwa sababu ya kodi, hili jipya aliliandikisha kwa jina langu. Nilitia saini nikijua ananipenda. Hata kibao kimeandikwa MBONI VYOMBO, na wapagazi wananiita bosi. Mwenyewe nilikuwa nafurahi.

Nimemwomba abadilishe. Anasema akiweka jina lake watu wa kodi watamfuata kwa madeni ya zamani, duka lifungwe, na wanawe watakula nini. Hapo ndipo ninapobanwa, Shangazi. Baba alipofariki ni yeye aliyenichukua. Nikisema ukweli kule ofisini, nawanyima wale watoto ugali. Nikinyamaza, mwisho wa mwezi maombi yanafungwa na nafasi yangu anapewa mtu mwingine. Nina hasira naye, na bado namwonea huruma.

Wewe ni dada yake mkubwa, ukiongea hakukatizi. Nakuomba umpigie simu. Usimgombeze. Mwambie tu kwamba kama duka ni langu, ada itoke humo humo dukani. Kama si langu, aniondolee jina langu. Yote mawili hawezi kuyakataa.

Nisalimie Binamu Anuari, na Bibi Shamsa umwambie kanga yake nimeshamnunulia. Mwenyezi Mungu akuzidishie afya na akulinde na ubishi wako.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Mboni.

Nyongeza: Mpigie asubuhi, kabla hajatoka nyumbani. Mimi hutangulia kufagia mbele ya duka, halafu nasimama pale chini ya jina langu, namsubiri aje na ufunguo.