Moshi Chini ya Bomba la Hewa

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Nimebadilisha kichujio cha hewa asubuhi. Cha wiki iliyopita kimetoka rangi ya chai. Huko chini Sibwesa wameanza kuchoma mashamba, na wafugaji wanachoma nyasi ng'ombe wapate majani mapya. Ndicho tunachopima hapa mlimani: vumbi na moshi uliosafiri. Moshi wa hapahapa hautakiwi, unaharibu wiki nzima. Kwa hiyo chakula tunapikia bondeni, tunapandisha kimeshapoa. Mimi nimezoea ugali baridi. Damiani, mlinzi, hajazoea, na kila siku lazima anikumbushe.

Jumatano, 7 Agosti
Nyuki wameingia kwenye bomba la kuvutia hewa, juu kabisa, chini ya kofia yake. Pampu inavuta kwa shida. Damiani ni Mbende, kwao nyuki ni mali. Anataka awashe mwenge wa magome, eti kabla ya jioni tunalamba asali. Nimemwambia akiwasha hata kiberiti anakwenda kwao. Sikuwa namtisha. Mwaka juzi nilimfukuza mlinzi kwa hindi moja la kuchoma. Sheria hiyo niliiandika mimi, makao makuu wakagonga mhuri.

"Mama, nyuki hawatolewi bila moshi."

Watatolewa tu.

Alhamisi, 8 Agosti
Wamezidi. Pampu ikizima tunapata pengo, na tangu kituo kifunguliwe hatujawahi kukosa wiki. Wapo wakubwa Dar wanaotafuta sababu ya kutufunga. Kesho napanda mwenyewe, na fimbo na kitenge. Damiani amenuna. Anune.

Jumamosi, 10 Agosti
Naandika kwa jicho moja, jingine limefumba.

Jana nilipanda ngazi nikachokoa. Wakanishukia wote. Nilianguka, kitenge kikafunguka, nikashindwa kusimama. Nyuki masikioni, nyuki mdomoni. Nilijua nakufa. Halafu moshi. Damiani alikusanya nyasi akawasha palepale chini ya bomba, pampu ikiendelea kuvuta, akanifunika koti lake na kuniburuta hadi ndani ya moshi. Nyuki wakaondoka, na kwenye bomba hawajarudi.

Nilipopata pumzi, neno langu la kwanza: "Umeniharibia wiki." Mwenzangu kavimba mikono yote, mimi nalilia karatasi ya kichujio. Naona aibu.

Jumatatu, 12 Agosti
Kichujio kimetoka cheusi kama sufuria ya msibani. Msimu huu nani angejua? Ningekituma kimya, wangesema Sibwesa wamechoma sana mwaka huu. Nilikitazama muda mrefu. Nilitamani. Lakini namba ya uongo ikishaingia kwenye kumbukumbu za kituo haitoki, na watu watakuja kuiamini.

Nikawaita makao makuu kwa simu ya upepo. Nikasema wiki hii ifutwe, ni moshi wa hapahapa. Wakauliza nani kawasha. Mlinzi, nikasema, na mimi niko chini nakufa. Wakasema sheria naijua, nisubiri uamuzi.

Simu ya upepo haina siri, anayepita nje anasikia kila kitu. Nilipotoka nikakuta funguo juu ya ndoo. Damiani kaondoka.

Jumatano, 14 Agosti
Peke yangu. Maji nachota mwenyewe, na mgongo bado unauma. Nimewakasirikia makao makuu. Nimejikasirikia zaidi. Sheria ile niliiandika nikiwa mzima, nimekaa kwenye kiti.

Alhamisi, 15 Agosti
Sikusubiri uamuzi. Nimewaambia Damiani akifukuzwa na mimi natoka, watafute mwingine wa kula ugali baridi. Watoto wangu wanasoma Mpanda kwa mshahara huuhuu.

Kisha jibu: wiki imefutwa, mlinzi abaki. Hawakusema pole. Sikuwaomba.

Jumamosi, 17 Agosti
Nimeshuka Sibwesa. Nimemkuta Damiani shambani anachimba mihogo na mke wake. Nikampa habari. Alinisikiliza bila kuacha jembe. Halafu akasema kurudi atarudi, ila nijue mapema: nikianguka tena, atawasha tena.

Nikamwambia awashe.

Mkewe alitupa mihogo ya kuchemsha, ya moto. Tumekula, tukapanda mlima, yeye mbele.