Siku Mama Yako Alipomwaga Unga

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Nakusalimu huko ugenini Malvern, wewe na kitukuu changu Rashidi. Sisi hapa Tanga wazima. Babu yako kawekewa meno ya bandia, haachi kucheka.

Umeniuliza: Rashidi kaanza kutambaa tu, homa ikamshika, utajuaje kapona kweli? Dawa za daktari mmalizie. Mengine nikusimulie.

Mama yako naye aliugua akiwa anatambaa. Kabla ya hapo nilikuwa nikilalamika: kila sufuria anaivuta, kila ndoo anaipindua! Alipolala na homa, nyumba ikawa safi siku tatu. Nikauchukia usafi ule.

Siku ya nne nikasikia kishindo jikoni. Nakimbilia, namkuta mtoto mweupe pe, kakaa katikati ya unga wote, anacheka! Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio kuuliza nani kaolewa.

"Mwanangu kamwaga unga!" nikawajibu.

Sasa mwisho wa barua yako unaniambia Rashidi kachomoa rasta zote za kusukia kwenye droo ya saluni yako, kazitawanya mpaka mlangoni, nawe ukamgombeza mbele ya wateja.

Ukamgombeza, Mwanaidi? Ungepiga vigelegele, mtaa wenu wote wa Jules Street usikie!

Bibi yako, anayevipiga kwa niaba yako.