Galaksi ya Mwanangu

3 Machi
Mama mpenzi,
Shikamoo. Natumai goti limepoa na dawa unakunywa. Mimi mzima, ila simu za pongezi hazinipi nafasi ya kula. Uliniona kwenye televisheni? Galaksi niliyoipata ndiyo iliyo mbali kuliko zote. Tulipiga picha kwa vichujio vya kioo vya kila rangi, ikatokea kwenye kile chekundu peke yake, maana mwanga ukitoka mbali kiasi hicho hufika umegeuka mwekundu. Nakueleza polepole, najua enzi zenu vyombo vilikuwa vya kutazamia mwezi na majirani. Mwezi wa saba nakabidhiwa ukurugenzi wa kituo.
Mwanao

9 Machi
Mwanangu,
Marahaba. Goti liko vilevile, ila sasa hata macho yananiuma, maana nilikutazama kipindi kizima. Ulivyokuwa ukipunga mkono, nilidhani unafukuza nzi.
Picha yako nimeiona gazetini. Lile doa limekaa mkabala kabisa na nyota kali ya upande wa pili wa picha. Mwanga wa nyota hiyo umegonga kichujio chekundu, ukarudi, ukatua pale. Umeitangazia dunia mng'ao wa kioo. Hayo niliyafundisha maisha yangu yote, na wanafunzi wavivu waliyaelewa kabla ya chai. Sogeza darubini kidogo upige tena. Kama ni galaksi kweli, itahama pamoja na nyota za jirani. Kama ni mng'ao, utakwenda upande mwingine.
Kula. Umekonda mwili mzima isipokuwa kichwa.
Mama yako

2 Aprili
Mama,
Shikamoo. Barua yako niliwasomea wenzangu ofisini, tukacheka sana. Kustaafu kunawatesa watu wenye akili. Wanabaki kutafuta makosa magazetini. Fundi wetu wa vioo naye alikuja na hadithi hiyohiyo ya mng'ao. Nimemhamishia stoo akapange misumari. Wewe siwezi kukupeleka stoo, lakini nakuomba ushughulike na maua yako.
Mwanao, Mkurugenzi mtarajiwa

20 Juni
Mama,
Shikamoo. Hukunijibu. Goti vipi?
Nimesogeza darubini. Nilifanya peke yangu, wenzangu wakiwa likizo. Nyota zilihamia kushoto, galaksi yangu ikaenda kulia. Nikarudia nikidhani nimekosea. Ikaenda kulia tena.
Hakuna anayejua isipokuwa mimi na wewe. Nakuomba, wakikuuliza usiseme kitu mpaka nikabidhiwe ofisi. Baadaye nitasahihisha taratibu, kwenye makala fupi ambayo hakuna atakayeisoma.
Mwanao

26 Juni
Wewe,
Marahaba. Goti langu halikuhusu.
Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nangoja ujionee mwenyewe. Nilishajiandaa kukusifu, mjinga mimi. Umeuona ukweli kwa macho yako, na wazo la kwanza likawa kuusukumia mvunguni hadi upewe kiti. Mtu aliyekosea namwelewa. Nami nimekosea mara nyingi. Huyu anayeniandikia sasa simfahamu. Na fundi wa watu bado anapanga misumari.
Sitamwandikia yeyote, lakini atakayeniuliza nitamjibu. Wakurugenzi nimewaona wengi, wengine hawakujua hata darubini inachungulia upande gani. Ukitaka kujiunga nao, nenda. Usinialike.
Mama yako, kwa bahati mbaya

18 Julai
Mama,
Shikamoo. Mimi mzima.
Siku ya makabidhiano nilisimama mbele ya ukumbi uliojaa, nikasema galaksi ile haipo, na kwamba nilijua nikanyamaza. Mwenyekiti wa bodi alininong'oneza niketi. Sikuketi mpaka nilipoonyesha picha zote mbili. Ukurugenzi amepewa mwingine, na mimi nimerudishwa kufundisha mwaka wa kwanza. Nilimfuata fundi stoo kumwomba radhi. Aliendelea kufunga boksi lake, akasema nisogee mlangoni, namzibia mwanga. Amerudi kwenye vioo vyake, lakini hanisalimii, na sina cha kumlaumu.
Pale ukumbini mwandishi mmoja wa habari aliuliza ni nani aliyegundua kosa. Nikamwambia, "Fundi wetu, na mama yangu." Watu wakacheka, wakidhani natania ili nifiche aibu. Nikangoja wamalize. Kisha nikalitaja jina lako lote, polepole, hadi nilipoona kalamu yake imelimaliza.
Mwanao